KUTOKA KIDOLE CHA TABIBU HADI MASHINE: HISTORIA YA KUPIMA UGUMU WA MISHIPA



Kila nyumba yetu siku hizi ina mtu wa presha. Kama si baba ni nyanya, kama si nyanya ni ami au khalati. Na kila mtu anajua kwamba presha yapimwa kwa mkanda unaofungwa mkononi, unajazwa upepo, kisha zinatoka namba mbili. Lakini ukiuliza namba hizo zasema nini juu ya mishipa yenyewe, wengi wetu tutanyamaza. Maana mkanda wapima nguvu ya damu inayosukuma. Haupimi ule mshipa unaosukumwa, kama ni laini au umekuwa mgumu.

Jambo hili si dogo. Mpira wa kumwagilia maji ukiwa mpya hunyumbuka. Ukifungua mfereji kwa ghafla, mpira hupanuka kidogo na kupokea kishindo. Ukiachwa juani miaka kumi hukakamaa, na kila kishindo cha maji hupiga moja kwa moja hadi mwisho wa mpira. Mishipa yetu ni hivyo hivyo. Mshipa mkuu utokao moyoni, yaani aota, ukiwa laini hupokea kishindo cha kila pigo la moyo na kuipeleka damu taratibu. Ukikakamaa, kishindo kile huufikia ubongo na figo kikiwa na ukali wake wote, na moyo wenyewe hulazimika kufanya kazi zaidi kwa pigo lile lile.

Basi binadamu amejuaje ugumu wa kitu kilichofichika ndani ya mwili, bila ya kupasua wala kutoboa? Hiyo ndiyo historia tunayotaka kuisimulia. Ni historia ndefu, na sehemu yake kubwa imepita katika mikono ya matabibu wa Kiislamu. Tena ina funzo: kuna wakati elimu ya tiba ilipata chombo kipya kizuri, ikasahau jambo ambalo kidole cha tabibu kilikuwa kikilijua karne nyingi kabla.

KIDOLE CHA TABIBU

Katika ulimwengu wa Kiyunani na Kirumi, bingwa wa mambo ya mpigo wa mshipa alikuwa Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo uko Uturuki. Aliandika vitabu kadhaa juu ya mpigo peke yake. Karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo aliyetumikia makhalifa wa Abbasiya, pamoja na wanafunzi wake, walivifasiri vitabu vingi vya Galen kwa Kisiryani na Kiarabu. Kwa mlango huo elimu ya mpigo ikaingia katika hospitali na madrasa za ulimwengu wa Kiislamu.

Aliyeipanga vizuri zaidi ni Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara yapata mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037. Katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, alimpa tabibu mambo kumi ya kuyachunguza anaposhika mkono wa mgonjwa. Ukubwa wa mpigo, nguvu yake, upesi wake, muda wa mapumziko kati ya pigo na pigo, mpangilio wake, na mengineyo. Moja katika hayo kumi ndilo linalotuhusu leo: hali ya mshipa wenyewe chini ya kidole, je ni mgumu, ni laini, au ni wa kiasi?

Tazama hapo, ndugu msomaji. Ibn Sina hakuchanganya nguvu ya mpigo na ugumu wa mshipa. Aliyaweka mbali mbali, kama mambo mawili ya kuulizwa kila moja peke yake. Zaidi ya miaka mia tisa baadaye kulikuwa na madaktari waliobobea ambao walilisahau jambo hili, kama tutakavyoona.

Al-Qanun ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo, Hispania, katika karne ya 12, na ikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Kwa hivyo, kidole cha daktari wa Ulaya kwa karne kadhaa kilifundishwa kazi na tabibu wa Bukhara.

Lakini kidole kina kasoro yake. Hakiandiki. Tabibu akisema "mshipa huu ni mgumu", mwenzake atajuaje ni mgumu kiasi gani? Na mgonjwa akirudi baada ya mwaka, nani atakumbuka ulivyokuwa mwaka jana? Elimu ya kidole hufa na mwenye kidole. Ilihitajika njia ya kuugeuza mguso uwe namba.

DAMU INAZUNGUKA

Kabla ya hapo ilibidi kwanza ijulikane damu inakwendaje. Mwaka 1242, mjini Cairo, Ibn al-Nafis aliandika sharhe ya sehemu ya anatomia ya kitabu cha Ibn Sina. Humo alipinga maneno ya Galen kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia ukuta wa katikati. Alisema damu hupita kwenye mapafu kwanza. Kazi yake hiyo ilisahaulika hadi mwaka 1924, alipoifufua daktari Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokuwa akisoma Ujerumani. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaeleza mzunguko mzima wa damu mwilini.

Baada ya kujulikana kuwa moyo ni pampu na mishipa ni mabomba, watu walianza kupima. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alitoa kitabu juu ya saa aliyoitengenezesha maalumu, inayokwenda dakika moja tu, ili kuhesabu mapigo. Mwaka 1733 kasisi Stephen Hales akachapisha jaribio kali: alitia bomba la shaba ndani ya mshipa wa farasi jike, akaliunga na bomba refu la kioo, na damu ikapanda futi 8 na inchi 3. Hilo lilikuwa jibu la kweli, lakini nani angekubali kufanyiwa yeye?

Hales huyo huyo aliona jambo jingine. Mishipa, alisema, hufanya kazi kama chumba cha hewa katika pampu ya wazima moto: pampu hupiga kwa vishindo, lakini maji hutoka mfululizo kwa sababu chumba kile hupokea kishindo na kukitoa polepole. Ule mnyumbuko wa mishipa ukapata maelezo yake. Kilichobaki ni kuupima bila kumtoboa mtu.

MJUKUU WA SAKE DEAN MAHOMED

Hapa vijana wengi watashangaa. Mmoja wa mashujaa wa habari hii anaitwa Mahomed, na alikuwa daktari wa London.

Babu yake, Sake Dean Mahomed, alizaliwa Patna, Bara Hindi, mwaka 1759 katika nyumba ya Kiislamu. Alitumikia jeshi la Kampuni ya East India, akahamia Ireland, akaoa huko mwaka 1786 na kuingia dini ya mkewe. Mwaka 1794 alitoa kitabu cha safari zake, kitabu cha kwanza kuandikwa kwa Kiingereza na Mhindi. Mwaka 1810 alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi mjini London. Kisha akahamia mji wa pwani wa Brighton akafungua hamamu ya mvuke na kukanda mwili. Neno "shampoo" tunalolitumia kwa sabuni ya nywele liliingia Kiingereza kutoka Kihindi, likiwa na maana ya kukanda, na yeye ndiye aliyelipa umaarufu.

Mjukuu wake, Frederick Akbar Mahomed, alizaliwa Brighton mwaka 1849, akasomea udaktari katika hospitali ya Guy's, London. Wakati huo kulikuwa na chombo kipya kutoka Paris. Mwaka 1860 Mfaransa Étienne-Jules Marey alikuwa ametengeneza sfigmografu ya kubebeka: springi ndogo yakaa juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, kila mpigo unakiinua kijiti, na kijiti kinachora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Kwa mara ya kwanza mpigo ukawa na sura ya kuonekana kwa macho. Unapanda, unashuka, una nundu hapa na bonde pale.

Mahomed, akiwa bado kijana mwanafunzi, alikitengeneza upya chombo kile. Aliongeza sehemu ya kupima nguvu inayokandamiza mshipa, ili michoro ya wagonjwa mbalimbali iweze kulinganishwa. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa tayari anachapisha kazi zake. Aliona kwamba mchoro wa mtu mwenye mishipa laini si sawa na wa mtu mwenye mishipa iliyokaza au kuzeeka. Kisha akaona jambo kubwa zaidi: kuna watu wenye presha ya juu ambao figo zao hazina ugonjwa. Zamani hizo ilidhaniwa kwamba figo zikiharibika ndipo presha hupanda. Yeye akaonyesha kuwa presha yaweza kutangulia, na madhara yakafuata.

Alifariki kwa homa ya matumbo mwezi Novemba 1884, akiwa na miaka 35 tu. Si mchezo, kazi yote ile kwa umri huo.

MKANDA WAFUTA MCHORO

Sfigmografu ilikuwa na tabu zake. Ilitaka mkono mwepesi, subira, na jicho la kusoma michoro. Mwaka 1896 Muitaliano Scipione Riva-Rocci akaleta mkanda wa mpira unaojazwa upepo, alioutengeneza kwa kutumia tyubu ya baisikeli, ukiunganishwa na bomba la zebaki. Mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha kwamba ukiweka chombo cha kusikilizia juu ya mshipa chini ya mkanda, utasikia sauti zikianza na zikiisha. Zikianza ndiyo presha ya juu, zikiisha ndiyo ya chini.

Namba mbili, dakika mbili, bila maumivu, na hata muuguzi kijijini aweza kuzipata. Ni rehema kubwa, na njia hiyo imeokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini mchoro wa mpigo ukatupwa kabatini. Badala ya kuuliza "mshipa ukoje?", swali likawa "namba ngapi?"

Na kosa likatokea. Madaktari wengi waliishikilia namba ya chini kuwa ndiyo yenye maana. Namba ya juu ikipanda kwa mzee, waliona ni jambo la kawaida la umri, ni presha ya uzee. Hata ilikuweko kanuni ya mdomoni kwamba namba ya juu ya kawaida ni 100 jumlisha miaka ya mtu. Kwa kanuni hiyo, mzee wa miaka 75 mwenye 175 kwa 70 angeambiwa aende nyumbani, hana neno.

Sasa mfikirie mzee huyo kwa akili ya Ibn Sina. Kwa nini ya juu imepanda na ya chini imeshuka? Kwa sababu aota imekakamaa. Moyo unapopiga, mshipa haupanuki kupokea damu, kwa hivyo presha inaruka juu. Moyo unapopumzika, mshipa hauna damu uliyoihifadhi ya kuirudisha, kwa hivyo presha inaanguka chini. Ile namba ya chini iliyoonekana nzuri ilikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Pengo kati ya namba mbili ndilo lililokuwa likipiga kelele, na hakuna aliyelisikia.

Jawabu lilikuja mwaka 1991. Utafiti wa Marekani uitwao SHEP uliwachukua watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, ambao presha yao ya juu tu ndiyo iliyopanda. Nusu walipewa dawa, nusu hawakupewa. Waliopewa dawa walipatwa na kiharusi pungufu kwa asilimia 36. Maana yake ni kuwa kwa miaka mingi wazee waliambiwa ni uzee tu, na kumbe wengine miongoni mwao wangeweza kukingwa.

KASI YA WIMBI

Basi wataalamu wakarudi kwenye swali la zamani, ugumu wa mshipa, wakakuta kwamba jibu lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1808. Mwaka huo Thomas Young, Mwingereza aliyekuwa daktari na mwanafizikia, na aliyesaidia pia kufumbua maandishi ya Misri ya kale, alitoa mhadhara juu ya moyo na mishipa. Alieleza kwamba kila pigo la moyo hutuma wimbi kwenye ukuta wa mshipa, na kwamba kasi ya wimbi hilo yategemea mnyumbuko wa mshipa. Wadachi wawili, Moens na Korteweg, wakaiweka sawa hesabu yake mwaka 1878. Mwaka 1922 Waingereza Bramwell na Hill wakaitumia kwa mwili wa mwanadamu.

Kanuni ni nyepesi: mshipa ukiwa mgumu, wimbi huenda mbio. Mshipa ukiwa laini, huenda polepole.

Hapa yataka tuwe waangalifu. Wimbi si damu. Damu yenyewe huenda polepole zaidi. Fikiria foleni ndefu ya watu waliobanana. Wa nyuma akisukuma, msukumo humfikia wa mbele hata kabla mtu yeyote hajapiga hatua. Msukumo ule ndio wimbi. Na watu wakiwa wamekakamaa kama mbao, msukumo hupita upesi zaidi.

Katika vijana wenye afya, wimbi kutoka shingoni hadi kwenye kinena huenda karibu mita 6 kwa sekunde. Kwa watu wa miaka 70 na zaidi hufika karibu mita 11. Hizo ni hesabu zilizokusanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010. Na hapo ndipo lilipo jambo la kutisha: wapo watu wa miaka 40 ambao wimbi lao lakimbia kama la mzee wa 70. Sura ni ya kijana, mishipa ni ya mzee.

Mwaka 2001 watafiti wa Paris walitoa matokeo ya wagonjwa 1,980 wa presha waliofuatiliwa kwa miaka. Waliokuwa na wimbi la kasi walikufa zaidi, hata baada ya kuhesabu umri wao na mambo mengine. Mwaka 2010 tafiti 17 zenye watu 15,877 zilijumlishwa pamoja, ikaonekana kwamba kila mita moja inayoongezeka kwa sekunde huambatana na ongezeko la karibu asilimia 15 la hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa.

NJIA MBALIMBALI, NA KILA MOJA NA SWALI LAKE

Leo ziko njia nyingi za kupima ugumu wa mishipa bila kutoboa. Tuzilinganishe.

Ya kwanza ni ile ya shingo na kinena. Mpimaji huweka kifaa kama kalamu juu ya mshipa wa shingo, na kingine kwenye mshipa wa kinena, au hutumia kimoja kwa zamu pamoja na waya za kupima moyo. Mashine hupima wimbi limechukua muda gani kati ya sehemu hizo mbili. Umbali gawanya kwa muda, unapata kasi. Njia hii hupita katika aota yenyewe, ndiyo maana wataalamu wengi waliifanya kipimo cha kulinganishia nyingine. Kasoro yake ni kwamba yataka mtu aliyefunzwa, na mgonjwa huguswa kwenye kinena, jambo ambalo kwa wengi ni la aibu. Yafaa apimwe na mtu wa jinsia yake, na faragha.

Ya pili ilienea Japani, mikanda minne kwenye mikono na vifundo vya miguu. Mgonjwa havui kitu kikubwa, na mashine hufanya kazi yenyewe. Lakini wimbi hapa hupita pia katika mishipa ya miguu, ambayo kwa asili ni migumu kuliko aota. Kwa hivyo namba yake huwa kubwa zaidi. Mtu akichukua namba ya mikanda minne akailinganisha na mpaka wa shingo na kinena, atajitia hofu bure. Wajapani hao hao walitoa pia kipimo kiitwacho CAVI, kinachojaribu kuondoa athari ya presha ya dakika ile, kwa sababu presha ikipanda hata mshipa mzuri hukaza kwa muda.

Ya tatu ni mkanda mmoja tu wa mkononi, unaosoma sura ya mpigo na kukisia kasi ya wimbi. Ni nafuu na rahisi. Lakini hapa yafaa tuulize sana. Baadhi ya mashine hizi huingiza umri wa mgonjwa na presha yake ndani ya hesabu. Sasa kama mashine umeiambia una miaka 65, kisha ikakwambia mishipa yako ni ya miaka 65, imekupa habari gani mpya? Mwaka 2019 zilichapishwa habari za wagonjwa 102 waliopimwa kwa vifaa kadhaa vya nje na pia kwa mpira mwembamba ulioingizwa ndani ya aota. Vile vilivyopima shingo na kinena moja kwa moja vilikubaliana na kipimo cha ndani vizuri kuliko vile vya mkanda vinavyokisia.

Ya nne ni picha. Ultrasaundi huonyesha mshipa wa shingo ukipanuka na kusinyaa kwa kila pigo. Mashine ya MRI huonyesha aota yote na kona zake, hata umbali hupimwa sawasawa. Lakini ni ghali, na haifai kwa kupima umma.

Halafu kuna kalamu ya kifundo cha mkono, inayochora mpigo na kutoka hapo kukadiria presha ya kwenye aota. Msomaji mwangalifu atatambua: ni ule ule mchoro wa Mahomed, umerudi na kompyuta. Profesa Michael O'Rourke wa Australia, mmoja wa walioanzisha njia hiyo, aliandika mwaka 1992 kumkumbusha ulimwengu habari za daktari yule kijana.

UMBALI ULE ULE, NAMBA MBILI

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini kulinganisha ni kazi ya uangalifu. Chukua mgonjwa mmoja. Umbali wa shingo hadi kinena kwa tepu ni sentimita 60, na wimbi limechukua sehemu 5 kwa 100 za sekunde. Gawanya, utapata mita 12 kwa sekunde. Lakini tepu yapita juu ya mwili, na wimbi halipiti njia ile ile. Kwa hivyo ilishauriwa ichukuliwe asilimia 80 ya umbali huo. Sasa ni sentimita 48, na kasi ni mita 9.6.

Mtu ni yule yule, dakika ni ile ile, namba mbili tofauti. Mwaka 2007 mwongozo wa Ulaya uliweka mpaka wa hatari kuwa mita 12. Mwaka 2012 wataalamu wakakubaliana ushushwe hadi mita 10, kwa sababu ya hesabu hii hii ya umbali. Mishipa ya watu haikubadilika. Rula ndiyo iliyobadilika.

Kwa hivyo ukiona ripoti ya hospitali, usiulize namba tu. Uliza imepimwa kwa njia gani, na ukipimwa tena, ipimwe kwa njia ile ile. Pia mgonjwa ampe mpimaji haki yake: alale atulie angalau dakika 10, asizungumze, na asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara au amekula kwa saa 3. Ukifturu, ukapiga vikombe viwili vya kahawa chungu, kisha ukakimbilia kupimwa, usiilaumu mashine.

KWETU SISI

Mashine hizi nyingi haziko katika zahanati zetu, na hilo lisituvunje moyo. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa hata presha ya kawaida. Kabla ya kutamani kalamu ya shingo na kinena, tuutumie vyema mkanda wa Riva-Rocci.

Na tuzisome namba zote mbili. Mzee wako akirudi na 170 kwa 70, usiseme "ya chini ni nzuri, alhamdulillah". Toa hesabu: pengo ni 100. Mwenye 130 kwa 85 pengo lake ni 45. Pengo likiwa kubwa hivyo kwa mzee, mara nyingi ni mshipa uliokakamaa unaosema, na yafaa daktari aambiwe waziwazi. Pengo si kipimo kamili cha ugumu, lakini halihitaji mashine mpya, lahitaji kutoa tu. Mwenye dawa za presha asizibadilishe saa zake wala kuziacha kwa sababu ya saumu bila kumuuliza daktari wake.

Nanyi vijana, msidhani habari hii ni ya wazee. Mshipa haukakamai siku moja. Sigara, chumvi nyingi, kukaa kitako kutwa, sukari na presha zisizotibiwa, yote hayo huandikwa ukutani mwa mshipa mwaka baada ya mwaka. Tumeona katika historia hii Mahomed akiingia katika kazi hii akiwa mwanafunzi. Wapo miongoni mwenu watakaosomea udaktari, uuguzi na uhandisi. Swali alilolifundisha Ibn Sina bado liko wazi: kupata kipimo cha ugumu wa mshipa kilicho cha kweli, chepesi, na chenye bei ambayo zahanati ya kijijini yaweza kuimudu. Mwenye kulijibu atakuwa amewafaa watu wengi.

Wabillahi tawfiq.